Amana ya Mama: Mafundo ya Manyoya ya Paka na Namna ya Kuyaondoa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi wao baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi wa Ramadhan. Baadhi ya maswali ya wasikilizaji yamewekwa mwishoni.)



 

Najua baadhi yenu mlipoambiwa kwamba leo atazungumza mtu wa kutibu wanyama, na mazungumzo yenyewe ni ya manyoya ya paka, mlicheka. Hakuna neno, chekeni. Mtu amefunga tangu alfajiri, koo limekauka, halafu anasimamishiwa mtu wa kumweleza habari za kitana cha paka! Lakini niwaulize: ni nyumba ngapi hapa zisizo na paka? Na jana magharibi, samaki alipowekwa mkekani, ni nani ambaye hakutazamwa na macho mawili kutoka pembeni? Basi mimi nazungumza juu ya kiumbe tunayekaa naye nyumba moja, na ambaye hana ulimi wa kusema anapoumia.

Nyote mnaijua hadithi ya Abu Qatada (R.A.). Alitiliwa maji ya kutawadha, paka akaja kutaka kunywa, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Mke wa mwanawe, Kabsha, akawa anamtazama kwa kustaajabu. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukia majumbani mwetu. Na mnaijua pia ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Hatusimuliwi kwamba alimpiga au alimchoma moto. Tunasimuliwa kwamba alimfungia, asimlishe wala asimwachie akajitafutia. Hadithi hii ya pili, ndugu zangu, nina sababu yangu ya kuikumbuka, na sababu hiyo ndiyo iliyonifikisha katika kazi hii. Wacha nianze nayo.

Ilikuwa Ramadhan ya mwaka 2003. Nilikuwa kidato cha tatu. Mama alijaaliwa kwenda umra kumi la mwisho, na nyumbani tulikuwa na paka tukimwita Pamba. Mamake Pamba alikuwa paka wa kawaida wa mtaani, lakini baba, kwa walivyotwambia, alikuwa wa Kiajemi. Basi Pamba akatoka na manyoya marefu meupe, mkia kama ufagio. Kila siku baada ya Alasiri Mama alimpakata barazani na kitana chake cha chuma akamchana polepole. Siku ya kuondoka alinitia kile kitana mkononi, akanambia, "Huyu ni amana yako mpaka nirudi." Nikasema, "Hewallah, Mama."

Jamani, kile kitana sikukishika hata siku moja. Usiku tarawehe, baada ya tarawehe barazani na wenzangu mpaka daku, mchana usingizi. Chakula nilimpa, sitasema uwongo. Lakini zilikuwa mvua za vuli, Pamba akinyeshewa, akikauka mwenyewe, akinyeshewa tena. Mama alikuwa arudi siku ya pili ya Idd. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikamshika Pamba nikashtuka. Nyuma ya masikio mna mafundo. Kwapani mna kitu kigumu kama kipande cha busati.

Nikaona haya. Nikaenda kwenye cherehani ya Mama nikachukua mkasi wake wa kushonea. Nikalivuta lile fundo la kwapani kwa vidole, nikapitisha mkasi chini yake, nikakata. Pamba alilia mlio ambao sijausahau mpaka leo. Fundo lilibaki mkononi mwangu, na nyuma ya fundo mna kipande cha ngozi. Pale kwapani pakawa na tundu kubwa kuliko sarafu ya shilingi. Damu haikutoka nyingi, na hilo ndilo lililonidanganya. Nikampangusa, nikamtia stoo, nikafunga mlango. Sikumwambia mtu.

Mama akaja na zamzam na tende, nyumba ikajaa watu. Akauliza, "Pamba yuko wapi?" Nikamjibu kwamba siku hizi amezoea kulala stoo. Siku ya tatu dada yangu mdogo aliingia stoo kuchukua sufuria akatoka mbio, akasema mna harufu. Ile jeraha ilikuwa imeshatunga usaha. Tulimpeleka kwa daktari, akasafishwa, akashonwa, akapigwa sindano. Njiani tukirudi Mama amembeba kikapuni, hakunigombeza. Aliniambia neno moja tu: "Mkono kuteleza si kitu. Lakini siku tatu ulikuwa ukipita mbele ya mlango ule."

Sasa mnajua kwa nini mtu mzima anasimama mbele yenu kueleza habari za kitana. Haya niyasemayo leo, lau ningeyajua usiku ule, na lau ningekuwa na ushujaa wa kukiri mapema, Pamba asingeteseka.

Fundo linatoka wapi?

Manyoya ya paka si aina moja. Kuna yale marefu ya juu unayoyaona, na chini yake kuna manyoya laini, mepesi kama sufi. Manyoya haya hupukutika kila siku na mengine huota. Paka mzima wa afya huyatoa yaliyokufa kwa kujiramba. Ulimi wake, kama umewahi kurambwa, unakwaruza kama msasa, kwa sababu una vijiba vidogo vidogo vilivyopinda kuelekea kooni. Mwaka 2018 watafiti wawili wa chuo cha Georgia Tech kule Marekani, Alexis Noel na David Hu, walieleza kwamba ncha za vijiba hivyo zina uwazi mfano wa kijiko kidogo, ambao hunyonya mate na kuyafikisha ndani ya manyoya. Subhanallah, kitana na maji yake viko kinywani mwa mnyama! Lakini watafiti hao hao waliona kwamba kwa paka wa Kiajemi ulimi hauifikii ngozi, kwa vile manyoya yake ni marefu na mazito mno. Yaani paka kama Pamba, hata awe mwerevu vipi, hawezi kujichana akamaliza. Lazima apate mkono wa binadamu.

Basi manyoya yaliyokufa yakikosa pa kutokea hunasa kwenye yale mazima. Paka akitembea, ngozi inasuguana na ngozi, manyoya yanajisokota. Ongeza mafuta ya mwili, mchanga, mate au maji ya mvua, linakuwa fundo. Ukiliacha, kila siku linavuta manyoya mapya na linakaribia ngozi. Mahali pa kuangalia ni hapa: nyuma ya masikio, chini ya kidevu na pale panapokaa ukanda wa shingo, makwapani, tumboni, kati ya mapaja, nyuma ya miguu ya nyuma na chini ya mkia.

Msidhani hili ni la paka wa manyoya marefu peke yao. Hawa wetu wa mtaani wa manyoya mafupi nao hupata mafundo wanapozeeka, wanaponenepa mno hata wasiweze kujipinda, au wanapougua. Paka mwenye maumivu ya viungo hafiki mgongoni. Mwenye jino bovu anaogopa kujiramba. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au tezi ya shingo huacha kujitunza. Kwa hivyo paka aliyekuwa nadhifu miaka yote, kisha ghafla manyoya ya mgongoni yakaanza kushikana, huyo anakwambia kitu. Usimchane tu ukanyamaza, mpeleke akaangaliwe.

Kwani fundo lina ubaya gani?

Kuna watu huona ni suala la urembo. Hebu fikiria dada amesukwa nywele zikabanwa sana, kichwa kizima kinauma, na hawezi kuzifumua, na kila akigeuka zinavutwa. Hivyo ndivyo paka anavyojihisi. Fundo la kwapani humvuta kila hatua anayopiga. Chini yake ngozi haipati hewa, inakaa na unyevu, inawasha, inachubuka, inaota vidonda. Viroboto hujificha humo. Fundo la chini ya mkia hushika kinyesi, na kwa joto letu hili la pwani nzi hawachelewi kutaga hapo, na baada ya nzi ni funza. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na nyumba yenyewe ilikuwa ya watu wema, wanaompenda paka wao. Hawakumpiga. Walikuwa na shughuli tu.

Mambo ya kujiepusha nayo

La kwanza, mkasi. Nalirudia: mkasi usiukaribishe. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika mno. Unapolinyanyua fundo, ngozi inanyanyuka nalo kama hema, na wewe huioni kwa sababu imefunikwa na manyoya. Unadhani unakata nywele, kumbe unakata mnyama. Hata sisi wenye kazi hii tunauogopa. Wembe pia ni vivyo hivyo.

La pili, usimwogeshe paka mwenye mafundo ukitarajia yatalainika. Maji hulikaza fundo. Chana kwanza, uoge baadaye, ikiwa lazima kumwogesha.

La tatu, usimpake kila kilicho jikoni. Mafuta ya nazi yanashika mchanga, na paka atayaramba yote. Mafuta ya taa, ambayo wazee wengine huyatumia kwa viroboto, ni sumu, yanachoma ngozi na yakirambwa huharibu mapafu. Yale mafuta ya mti wa chai yanayouzwa kwa ajili ya ngozi za watu ni sumu kwa paka. Dawa za kuulia viini, hasa zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji, usizitie mwilini mwake. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin humuua paka. Soma karatasi ya dawa au uliza kabla ya kununua.

La nne, umemuumiza kwa bahati mbaya, ukamwonea huruma, usimpe kidonge cha paracetamol. Kwetu ni dawa ya kichwa. Kwa paka kidonge kimoja chatosha kumuua.

Namna ya kulifungua fundo

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Unahitaji vitu vichache: kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana na cha pili chenye meno ya karibu, taulo, unga kidogo wa kornflawa, na kitu anachokipenda, hata vipande vya samaki visivyo na chumvi wala miba. Na unahitaji subira. Hiyo ndiyo tumeambiwa ni mwezi wake.

Chagua wakati ambapo paka ameshiba na ametulia, anataka kulala. Televisheni izimwe, watoto wadogo watoke au wakae kimya. Mpakate juu ya taulo au mweke mezani, usimbane. Mpapase kwanza mahali asipokuwa na fundo mpaka mwili ulegee. Ukishajua mafundo yalipo, anza na lililo dogo na jepesi.

Nyunyiza kornflawa kidogo juu ya fundo, uisugue kwa vidole iingie ndani. Inakausha mafuta na manyoya yanateleza. Nyunyiza kwa mkono, usipulize, vumbi lisimwingie puani.

Kisha, na hapa ndipo penye siri yote, shika manyoya kwa vidole viwili pale chini, baina ya fundo na ngozi, uyabane. Sasa mvuto wowote utaishia kwenye vidole vyako na hautaifika ngozi. Kwa mkono wa pili lifumue fundo kwa vidole kuanzia nje, nyuzi chache chache, kama mtu anayefumua ushumbi wa uzi. Likishaachana kidogo chukua kitana cha meno mapana, uchane ncha tu za juu. Zikifunguka, shuka kidogo. Zikifunguka, shuka tena. Hatuanzi ngozini kuja nje. Tunaanza nje kwenda ngozini. Akina dada wanaochana watoto wenye nywele nyingi wanaijua kazi hii kuliko mimi.

Fundo kubwa unaweza kuligawa kwa vidole likawa mawili au matatu, kila moja ulifungue peke yake. Likishakwisha, pitisha kitana cha meno ya karibu kuhakikisha. Kisha mpe kipande cha samaki umsifu.

Dakika tano mpaka kumi, basi. Mtazame paka, yeye ndiye saa yako. Akianza kupiga mkia huku na huku, masikio yakalala nyuma, ngozi ya mgongo ikatetemeka, au akanguruma, mwachie. Usishindane naye. Fundo moja leo, fundo moja kesho. Ukimlazimisha leo ukamaliza yote, kesho akikiona kitana atakimbilia juu ya paa, na mtaanza vita visivyokwisha.

Wakati wa kumpeleka kwa daktari

Kuna mafundo si ya nyumbani. Ikiwa limegandamana na ngozi huwezi kupitisha vidole baina yake. Ikiwa mafundo yameungana yakawa kama blanketi. Ikiwa ngozi ni nyekundu, ina maji au harufu. Ikiwa umeona funza. Au ikiwa paka analia ukimgusa tu, basi hapo tia nia, mtie kikapuni, umpeleke. Daktari wa wanyama ana mashine ya kunyolea. Anailaza bapa juu ya ngozi, ngozi ameinyoosha kwa mkono wa pili, na anaigusa mashine mara kwa mara kuhakikisha haijapata moto. Mara nyingi humpa paka dawa ya usingizi kwanza ili asiumie wala asiogope. Si aibu. Aibu ni kuficha. Na kama mkono umekuteleza ukamkata, hata tundu likiwa dogo, mpeleke siku hiyo hiyo. Jeraha la paka hujifunga juu haraka na usaha ukabaki ndani.

Kinga

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Paka wa manyoya marefu achanwe kila siku. Wa manyoya mafupi mara moja kwa wiki yatosha, na mzee au mnene aongezewe. Kitana kifike mpaka chini. Kuna watu hupitisha burashi juu juu, paka anang'aa kama bwana harusi, kumbe chini mna mafundo. Pitisha vidole makwapani na nyuma ya masikio kila unapompapasa. Akinyeshewa mpanguse kwa taulo. Ukanda wa shingo uvuliwe mara kwa mara uangalie chini yake. Viroboto vitibiwe kwa dawa ya paka. Asinenepeshwe mno. Na ukipata mtoto wa paka, mzoeshe kitana tangu mdogo, dakika moja moja, akue akijua kwamba kitana ni mapenzi. Faida nyingine: manyoya unayoyatoa kwa kitana ndiyo yale ambayo angeyameza, yakamganda tumboni, akaja kuyatapikia zuliani.

Na kwa Ramadhan hasa, nasema hivi. Saa zetu zimegeuka. Tunakula usiku, tunalala mchana, na paka anasahaulika. Lakini baina ya Alasiri na Magharibi, wakati kinamama na dada zetu wako jikoni na viazi karai, sisi vijana tunafanya nini? Tunatazama saa. Dakika tano katika hizo mpe paka, kisha osha mikono ukasaidie jikoni.

Maswali

Dada mmoja ameuliza: Manyoya ya paka yakinishika kwenye buibui au kanzu, swala inakuwaje?

Paka mwenyewe si najisi, kama tulivyosikia katika hadithi ya Abu Qatada. Ama manyoya yaliyong'oka, wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wameyazungumzia, na machache yanasamehewa kwa mtu ambaye ni vigumu kwake kujiepusha nayo. Ufafanuzi zaidi atakupa imamu wako, mimi ni mtu wa sindano na bandeji. La kwangu ni hili: mchane paka kabla ya kuvaa nguo ya swala, juu ya taulo lake maalumu, uyakusanye manyoya uyatupe. Paka anayechanwa kila siku hapukutiki ovyo nyumbani.

Kijana ameuliza: Kwa nini tusimnyoe paka mwili mzima tukapumzika?

Manyoya ni nguo yake. Yanamkinga na jua, hasa aliye mweupe, kwani ngozi nyeupe huungua na ikizidi huweza kupata saratani, zaidi masikioni na puani. Kumnyoa kuna mahali pake, mafundo yakizidi, lakini iwe kwa mkono wa mjuzi, na akikaa hivyo awekwe ndani mchana.

Mama mmoja ameuliza: Kuna paka wa mtaani amejaa mafundo, namwonea huruma. Nimshike?

Usimrukie, mama. Mlishe mahali pamoja kila siku mpaka akuzoee, kisha umnase kwa kikapu chenye kifuniko umpeleke kwa daktari. Watoto wasimguse, mara nyingine mahali palipopukutika manyoya ni choa, na choa huambukiza. Na paka yeyote akikuuma au akikuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa huletwa na paka pia.

Mtoto mdogo ameuliza: Paka wetu naye afunge?

(Kicheko.) La, mwanangu. Paka hakuandikiwa. Na paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa mnene, ini lake huharibika. Mpe chakula na maji mchana kama kawaida, na thawabu ya kumlisha huku wewe umefunga ni yako, inshallah.

Neno la mwisho

Pamba alipona. Aliishi nasi mpaka mwaka 2014, na tangu siku ile kitana kilikuwa changu, Mama hakukichukua tena. Ilinichukua karibu mwaka mzima kabla hajakubali nilinyanyue lile kwapa lake. Kila jioni nilifika hapo, akaugandisha mguu, nikaacha, nikaendelea kwengine. Siku moja hakuugandisha. Nilimwita Mama aje aone. Akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Alhamdulillahi, amekusamehe." Akarudi jikoni.

Ndugu zangu, huenda nyumbani kwenu kuna kiumbe ambaye hamjamgusa mkamwangalia vizuri tangu mwezi uandame. Mkifika leo, kabla ya adhana, pitisheni mkono nyuma ya masikio yake. Mkikuta fundo, msiuendee mkasi. Na ikiwa kuna mlango mnaoupita, mnajua kilichomo ndani na hamjaufungua, ufungueni leo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.